Ardhioevu za nyika na mikoko ya Mombasa: maswali ya sheria yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka barazani, kwenye mabanda ya wavuvi na katika simu za usiku. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea kando ya Hori ya Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa, na ninachokijua nimekipata kwa kusoma sheria zenyewe na kwa kukalia benchi za ofisi za watu. Aliye na kesi amtafute wakili. Sheria zinazotajwa ni za Kenya, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Ardhioevu ni nini? Sisi tunajua bwawa, kinamasi na mikoko.

Neno lenyewe ni la vitabuni, nakubali. Wazee hawakulihitaji kwa sababu kila namna ya mahali pa maji ilikuwa na jina lake: bwawa, chemchemi, kinamasi, hori, dimbwi la masika. Hata "mbuga", ambayo kwetu siku hizi ni mahali pa kwenda kutazama simba, maana yake ya zamani, na bado iko hai sehemu nyingi za Tanzania, ni bonde tambarare la udongo mweusi linalojaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Ukitaka sura ya ardhioevu ya nyika, ndiyo hiyo.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inasema ardhioevu ni eneo linalofunikwa na maji daima au kwa msimu, na ambamo mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, unakwenda mbali zaidi: unahesabu pia maji ya bahari ambayo kina chake, maji yakipwa, hakizidi mita 6. Kwa hiyo mikoko ya Mikindani hapa Mombasa na kinamasi cha Kimana kule chini ya Kilimanjaro ni ndugu mbele ya sheria, ingawa mmoja anakunywa chumvi na mwingine theluji.

Mimi naishi Mombasa. Vinamasi vya nyika vinanihusu nini?

Fungua mfereji, kama leo ni siku yako ya mgao. Sehemu ya maji yale inatoka Mzima, chemchemi iliyo ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Bomba lake limekuwa likileta maji Mombasa tangu miaka ya 1950, takriban meta za ujazo 35,000 kwa siku, na njiani linanywesha miji mingine kabla ya kutufikia. Maji mengine yanatoka Baricho, kwenye mchanga wa mto Sabaki, ambao nao unapita nyikani kabla ya kufika Malindi. Marere, kwenye vilima vya Shimba, ni chanzo kingine.

Sasa tazama Mzima yenyewe inavyofanya kazi. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya volkano na miamba yake ina matundu kama sifongo. Juu ya Chyulu huoni mto. Maji yanazama, yanasafiri chini ya ardhi, kisha yanachomoza Mzima yakiwa safi kiasi kwamba unawaona viboko wakitembea chini ya maji kama wazee wanaorudi kutoka msikitini. Chemchemi iko ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, kwa hiyo imelindwa. Lakini mvua haikunyesha juu ya chemchemi, imenyesha Chyulu, ambako sehemu tu ndiyo hifadhi ya taifa na nyingine ni ardhi ya jamii na ya watu. Msitu wa huko ukikatwa, hakuna aliyegusa Mzima, na Mzima itapungua.

Hili ndilo gumu la kulinda maji kwa sheria. Sheria inataka mpaka unaotulia, nayo maji hayatulii. Karibu maswali yote yanayofuata yamezaliwa hapo.

Kiangazi panakauka kabisa, ng'ombe wanapita na watoto wanacheza mpira. Bado ni ardhioevu?

Bado. Soma tena maneno "kwa msimu" hapo juu. Ardhi haiachi kuwa ardhioevu kwa sababu mnunuzi ameletwa kuitazama mwezi wa Februari.

Na huletwa Februari hasa. Dalali mjuzi hamleti mteja Mei. Kwa hiyo ukipelekwa kutazama kiwanja, usitazame maji, tazama alama zake. Udongo mweusi wenye nyufa pana zinazomeza mguu wa kiti. Matete au mafunjo makavu yaliyoinama upande mmoja. Maganda ya konokono wa maji mahali pasipo na maji. Mstari wa takataka ulioganda kwenye shina la mti kwa kimo cha goti, na mara nyingine cha kifua. Kisha muulize mchungaji, usimuulize muuzaji.

Ni sheria zipi hasa? Nitajie ili nikiingia ofisini nisibabaishwe.

Anza na Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 69 kinaorodhesha wajibu wa serikali. Cha 70 kinakufungulia mlango wa mahakama. Cha 62 kinasema mito, maziwa na maji mengine kama yatakavyoelezwa na sheria ya Bunge ni ardhi ya umma, pamoja na ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa.

Chini yake ipo ile Sheria ya Mazingira ya 1999, iliyorekebishwa 2015. Kifungu chake cha 42 (namba imegongana na ya Katiba, usichanganye) ndicho cha kukariri: bila idhini ya maandishi ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, iliyotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira, mtu haruhusiwi kujenga, kuchimba, kutoboa, kumwaga kitu, kuzuia au kugeuza maji, wala kukausha mto, ziwa au ardhioevu. Mwaka 2009 zikatungwa Kanuni za usimamizi wa ardhioevu, kingo za mito, kandokando ya maziwa na ufuo wa bahari. Hizo ndizo zenye mambo ya siku kwa siku, na zinampa mwenye ardhi inayopakana na ardhioevu wajibu wa kutoiharibu.

Halafu kila idara ina kipande chake. Sheria ya Maji ya 2016 inaiweka kila rasilimali ya maji mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Misitu ya 2016 inashika mikoko. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inashika kilicho ndani ya hifadhi, na inaruhusu ardhioevu iliyo nje ya hifadhi itangazwe kulindwa. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti kazi ya kutoa kibali cha ujenzi. Kibali cha kaunti na leseni ya NEMA ni vitu viwili, kimoja hakikai mahali pa kingine. Kila mjenzi analijua hilo, na kila mjenzi mwerevu hujifanya halijui.

Sheria hazipungui, ila zimegawanyika mno, na kila mwenye kipande anaweza kukuambia kwa adabu kwamba shida yako iko kwenye kipande cha mwenzake.

Maji yanaishia wapi kisheria? Mstari uko wapi?

Kwa mto, kanuni zinataja ukingo wa mita 6 hadi 30 kila upande, kipimo kikianzia pale mafuriko makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa yalipofika. Hapo watu wengi hujikwaa: hupimi kutoka ulipo mto leo.

Kwa bahari, mpaka wa ardhi ya umma ni alama ya maji kujaa, na juu yake kuna ukanda wa akiba ambao vipimo vyake vinatofautiana kati ya kanuni za upimaji na miongozo ya mipango ya miji. Hiyo tofauti imelisha mawakili wengi, Mungu awazidishie.

Mwaka mmoja nilisimama nyuma ya nyumba za Mikindani na mzee mmoja mvuvi, saa za maji kupwa. Mbele yetu kulikuwa na vijiwe vya mpaka vinne, vya saruji, vipya, vimesimama kwenye tope katikati ya michu, aina moja ya mikoko. Akaniambia, "Mwanangu, njoo Jumapili." Jumapili ilikuwa bamvua, mwezi mpevu. Tulifika adhuhuri maji yakiwa yanapanda. Kijiwe cha kwanza kilizama kabla hatujamaliza kahawa. Cha pili na cha tatu vikafuata. Cha nne kilibaki na ncha tu, kaa mmoja amekalia juu yake. Mzee akakinyooshea kidole: "Huyo ndiye mpimaji wa serikali."

Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapa Mombasa tofauti ya maji kupwa na kujaa siku hizo inaweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Anayepima kiwanja siku ya maji mafu anaweza kukuonyesha ardhi kavu ambayo baada ya juma moja itakuwa ya samaki. Basi picha zako za ushahidi zipige siku ya bamvua, na uandike tarehe na saa. Jedwali la kupwa na kujaa kwa bahari hutolewa kila mwaka, na halibishaniwi mahakamani kirahisi.

Jirani ana hatimiliki. Si basi, shamba ni lake?

Maneno mawili. Kwanza, hata ardhi ikiwa yake halali, kifungu cha 42 cha Sheria ya Mazingira hakiulizi mwenye ardhi ni nani. Kinauliza umefanya nini kwenye ardhioevu na idhini iko wapi. Hatimiliki haina nguvu ya leseni.

Pili, yenyewe hiyo hatimiliki ilitoka wapi? Mahakama ya Juu ililijibu hilo Aprili 2023, na kwa mfano wa hapa hapa. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na kiwanja Nyali kando ya bahari. Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni, kampuni ikashtaki. Majaji wakachimba hadi mizizi wakakuta ardhi ilikuwa nafasi ya wazi ya umma na ilitolewa mwanzo, mwaka 1989, bila kufuata utaratibu. Wakasema mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya kwamba yeye alinunua kwa nia njema, kwa sababu kilichoanza kwa kasoro hakitakasiki kwa kuuzwa tena. Katiba nayo, kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kesi hiyo haikuwa ya mikoko. Lakini nimeona sauti za watu zikibadilika inapotajwa. Anayetaka kununua kando ya hori achimbe historia ya kiwanja mpaka kwa mmiliki wa kwanza, si kuishia kwenye karatasi ya mwisho.

Kasoro moja niiseme: kifungu cha 62 hakitaji neno "ardhioevu". Bonde la msimu lililo katikati ya shamba la mtu huko nyikani linaweza kabisa kuwa mali binafsi. Unachoweza kuzuia ni matumizi yake. Umiliki ni jambo jingine.

Ramsar ni nini, na inasaidia kweli?

Ramsar ni mji wa Iran. Tarehe 2 Februari 1971 nchi zilikutana huko zikatia saini mkataba wa kulinda ardhioevu, na leo wanachama ni zaidi ya nchi 170. Kenya iliingia 1990. Tuna maeneo sita kwenye orodha: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elementaita, na la mwisho ni Delta ya Mto Tana, lililoingizwa 2012 likiwa na hekta 163,600. Utaona matano ni maziwa ya Bonde la Ufa. Pwani tuna moja, lakini ndilo kubwa kuliko yote.

Inasaidia? Ramsar haina polisi, haina mahakama, haitozi faini. Inachodai ni "matumizi ya busara", na nchi itoe taarifa eneo lake linapoharibika. Hata hivyo Katiba, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya, kwa hiyo wakili anaweza kuusimamisha mbele ya jaji. Wapo wanaodhani bango la Ramsar ni ukuta. Mimi ningeliita shahidi mwenye heshima: halimzuii mwizi kuingia, lakini akishikwa linazungumza.

Nimesikia kuhusu kesi ya Tana. Ilikuwaje?

Nitairefusha kidogo kwa sababu inafundisha kuliko semina kumi.

Delta ya Tana ni nyika inayogeuka bahari ya majani mto unapofurika. Wapokomo wanalima kwenye unyevu unaobaki mafuriko yanapoondoka. Waorma na Wawardei wanaleta mifugo wakati malisho ya bara yamekwisha, na wanafika mtoni kwa njia zinazoitwa malka. Kalenda moja ya maji, watu tofauti, kila mmoja na zamu yake. Mtu akiziba malka kwa shamba, ng'ombe wanakanyaga mahindi. Mapigano ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 yaliua watu zaidi ya mia moja, na ingawa hayakuwa na sababu moja, maji na malisho yalikuwamo.

Katika miaka hiyo delta ilikuwa inapangiwa miradi mikubwa, mmoja wao ukiwa wa miwa kwenye takriban hekta 20,000, wa Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi pamoja na kampuni ya sukari ya Mumias. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu 2010. Februari 2013 mahakama ikaamuru wahusika waandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, na jamii zishirikishwe. Mpango ukatengenezwa na kuzinduliwa 2015.

Zingatia walichopata. Hawakukabidhiwa delta, wala hakuna aliyeambiwa asilime milele. Walipata amri kwamba kabla ya kugawa, watu wakae chini na ramani. Kwa ardhi inayobadilika umbo kila msimu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ramani hiyo inaweza kuandika zamu pamoja na mipaka: hapa shamba baada ya mafuriko, hapa malisho kiangazi, hapa malka isizibwe.

Je, sheria inatukataza kuvua, kukata matete na kunywesha mifugo?

Hapana. Kanuni za 2009 zinatambua matumizi ya riziki kama kuvua, kuchota maji ya nyumbani, na kuvuna mafunjo na matete. Kinachohitaji kibali ni ukubwa na biashara. Mama anayekata matete ya kusukia hana kesi. Mwenye pampu tatu na mifereji ya kukausha kinamasi anayo.

Mikoko ni habari nyingine. Tangu 1932 mikoko ya Kenya ilitangazwa hifadhi ya msitu, na ikathibitishwa tena 1964. Kukata nguzo, boriti au fito bila idhini ya Huduma ya Misitu ni kosa, hata kama babu yako alikata, na hata kama unataka kuezeka banda la kuku tu. Adhabu chini ya Sheria ya Misitu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Wanaoshikwa mara nyingi ni vijana wenye panga, siyo wenye lori. Nimelalamika juu ya hilo mpaka nimechoka.

Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu chama cha jamii cha msitu kutia saini mkataba wa kusimamia pamoja na Huduma ya Misitu. Gazi, kule Kwale, walifanya hivyo, na tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni, yaani wanunuzi hulipia kaboni inayohifadhiwa na miti, kutokana na hekta 117 za mikoko. Fedha zimeingia kwenye maji na shule za kijiji.

Lori zinamwaga kifusi usiku kwenye mikoko. Nifanye nini?

Nikueleze kwanza nilivyokosea mimi.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa mdomo. Ofisi moja ikanisikiliza vizuri sana na kunielekeza ya pili. Ya pili ikasema mikoko ni msitu, nenda ya tatu. Ya tatu ikasema kifusi ni taka, rudi ya kwanza. Nilimaliza nauli ya wiki. Niliporudi kwenye hori, kifusi kilikuwa kimesawazishwa. Michu ilikuwa bado imesimama, majani ya kijani, nikajidanganya kwamba imepona. Mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope kama vidole, na vile vidole vilikuwa vimezikwa. Baada ya miezi michache miti ilikuwa kuni zilizosimama. Na mimi sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nililalamika.

Siku hizi nafanya hivi. Alfajiri napiga picha: kifusi, magurudumu, namba ya lori ikiwezekana, na kitu kisichohama kama nguzo ya umeme au mnara wa msikiti, ili mahali pajulikane. Usiwakabili wenye lori usiku. Narudia, usiwakabili. Kisha naandika barua moja, ukurasa mmoja, kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, na nakala kwa Huduma ya Misitu, kwa idara ya mazingira ya kaunti, kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama kuna mto au mkondo, na kwa chifu. Majina yote ya wanaopewa nakala nayaandika chini ya barua, ili kila ofisi ijue kwamba zile nyingine zimepata. Hiyo ndiyo dawa ya "nenda kwa mwenzangu". Kila nakala naigongesha muhuri wa kupokelewa, na yangu narudi nayo nyumbani.

Naomba mambo matatu na siyo zaidi: kazi isimamishwe, nionyeshwe leseni ya tathmini kama ipo, na itolewe amri ya kurudisha mazingira kama yalivyokuwa. Amri hiyo ya tatu NEMA wana nguvu nayo kisheria, na watu wengi hawajui kuiomba.

Kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja. Kikundi cha wavuvi wa ufuo kilichosajiliwa, chama cha msitu, au nyikani chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, vyote vinatambuliwa na sheria.

Lazima niwe nimepata hasara ndipo nishtaki? Na gharama je?

Si lazima. Kifungu cha 70(3) cha Katiba kinasema wazi kwamba mlalamikaji hahitaji kuonyesha kuwa mtu yeyote amepata hasara au kuumia. Unaweza kwenda kwa niaba ya kinamasi ambacho hujawahi kukanyaga. Mombasa ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na kwa maombi ya kutetea haki za Katiba, kifungu cha 22 kinasema kusiwe na ada ya kuyafungua, na mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi ikibidi.

Gharama nyingine zipo, sikudanganyi. Wakili, nauli, mtaalamu wa kupima udongo, na miaka. Watu wa Owino Uhuru, Changamwe, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda hapa 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakanyang'anywa ushindi kwenye rufaa 2023, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Leseni imeshatolewa. Nimechelewa?

Labda bado. Kuna Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA. Muda ni siku 60. Omba hapo hapo, kwa maandishi, kazi isimame wakati rufaa inasikilizwa, maana kifusi hakisubiri hukumu.

Afadhali kuwahi mapema: tathmini ya mradi mkubwa hutangazwa gazetini na kwenye gazeti rasmi la serikali ili wananchi watoe maoni ndani ya muda unaotajwa kwenye tangazo. Teueni mtu mmoja wa kusoma matangazo hayo kila wiki. Sisi tumempa kijana wa duka la simu, anasoma bure na tunamnunulia viazi karai.

Tanzania na Uganda wanafanyaje?

Tanzania, Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka kipimo kimoja ambacho kila mtu anakijua: mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nawaonea wivu kwa urahisi huo, ingawa mita 60 kwenye bonde tambarare la nyika ni kama hakuna, mafuriko yanaruka kilomita. Katika orodha ya Ramsar wana Malagarasi-Moyowosi, zaidi ya hekta milioni 3, na bonde la Kilombero. Uganda imetaja ardhioevu kwa jina ndani ya Katiba yake ya 1995, kuwa serikali inazishika kwa amana ya wananchi. Hilo ndilo lililokosekana kwetu.

Na maji hayaonyeshi pasipoti. Ziwa Jipe nusu liko Taveta na nusu Mwanga.

Watu wa Taita Taveta wanasema maji ya Mzima ni yao na sisi tunakunywa bure. Kweli?

Wana hoja. Kwa miaka mingi viongozi wao wamedai mgao wa mapato ya maji hayo, huku vijiji vilivyo karibu na bomba vikikosa maji. Kisheria maji ni ya wananchi wote chini ya amana ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo hakuna kaunti inayoweza kufunga koki. Lakini aishiye kando ya chemchemi bila kunufaika nayo hana sababu ya kuilinda. Mtu wa Mombasa anayelipa mtungi wa mkokoteni asikasirike akisikia dai hilo. Akasirikie bomba linalovuja.

Barua niandike kwa Kiingereza?

Andika Kiswahili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ninayotumia mimi ni hii, iazime:

"Kwa Mkurugenzi wa Kaunti. Mimi ni mkazi wa hapa. Tarehe hii, saa hii, nimeona kifusi kikimwagwa kwenye mikoko mahali hapa, picha nimeambatisha. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira ya kazi hiyo. Kama haipo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi. Nasubiri jibu ndani ya siku 21."

Saini, namba ya simu, nakala tano.